Nani Aliyeihini Amana ya Papusza?

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hivyo ndivyo walivyosema wahenga wetu. Lakini wahenga hao hawakututajia hukumu ya kata iliyotoka mtungini ikaenda sokoni kueleza yaliyomo ndani. Wala hawakututajia hukumu ya yule aliyeishika kata hiyo kwa mkono wake akaipeleka sokoni.

Suala hili limenikaa moyoni tangu juma lililopita, nilipoitazama filamu moja ya Poland iitwayo Papusza. Aliyeniletea ni mpwa wangu, aliyekuja nayo katika kompyuta yake baada ya sala ya Isha akaniambia, "Mjomba, hii ni ya washairi, itazame." Nilidhani nitaiangalia kidogo kisha nilale. Nilikaa nayo kwa muda wa saa mbili na zaidi, mpaka mwisho, na usingizi wenyewe ukaniruka.

Filamu hiyo ilitolewa mwaka 2013. Walioiongoza ni mtu na mkewe, Krzysztof Krauze na Joanna Kos-Krauze; bwana huyo alifariki mwishoni mwa mwaka uliofuata. Picha zake ni nyeusi na nyeupe tupu. Hamna bunduki za kila dakika wala magari ya kukimbizana. Mna misafara ya magari ya farasi ikikata theluji, mna moto wa kambi, na mna watu wanaosema lugha yao wenyewe, Kiromani, huku maneno ya Kiingereza yakipita chini. Kisa chenyewe ni cha kweli. Ni maisha ya mwanamke aitwaye Bronisława Wajs, ambaye watu wake walimwita Papusza, maana yake mwanasesere. Alikuwa mshairi. Na kwa sababu ya mashairi, watu wake walimtupa.

Ndugu msomaji, usiniambie kwamba Poland ni mbali na mambo yao hayatuhusu. Nisikilize kwanza.

WATU WA VINUBI

Papusza alikuwa Mroma, mmoja wa wale ambao walimwengu wamezoea kuwaita Jipsi, jina ambalo wengi wao hawalipendi. Asili yao ni Bara Hindi. Waliondoka huko yapata miaka 1,000 iliyopita, wakapita Uajemi, wakaingia Ulaya, na Poland wamekuwako kwa zaidi ya miaka 500. Asiyesadiki kuwa wametoka Bara Hindi na ayasikize maneno yao. Maji kwao ni pani. Pua ni nakh. Wakihesabu husema jekh, dui, trin. Nani kati yetu aliyekulia karibu na maduka ya Wahindi wa Mombasa asiyeyatambua maneno hayo? Mimi nilipolisikia neno pani likitoka kinywani mwa bibi wa Kiroma kwenye theluji ya Ulaya, nilitabasamu peke yangu gizani.

Jamaa za Papusza walikuwa wanamuziki. Chombo chao kikubwa kilikuwa kinubi, tena kile kinubi kirefu kinachompita mtoto kwa kimo. Walitembea navyo kutoka mji hadi mji, wakipiga katika harusi, katika magulio na katika majumba ya mabwana wenye ardhi. Wanawake waliwatazamia watu bahati zao viganjani. Hilo la mwisho sisi katika dini yetu hatuliruhusu, lakini simulizi ni simulizi, na kila watu wana njia yao ya kutafuta unga.

Watu hawa hawakuwa na nchi, wala jeshi, wala mahakama iliyojengwa kwa mawe. Kilichowashika pamoja kilikuwa lugha na ada. Ada zao zilikuwa sheria: kipi ni safi na kipi ni najisi, nani aketi na nani, nini kisemwe mbele ya mgeni na nini kisisemwe. Aliyezivunja alitengwa, na kutengwa kwa mtu asiye na kwao pengine ni kama kufa akiwa hai.

MSICHANA NA KUKU

Papusza alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Katika msafara wao kalamu ilikuwa kitu cha polisi na makarani. Mtoto wa Kiroma akisoma ili iwe nini? Lakini msichana huyu alikuwa na kiu. Kila msafara ulipopiga kambi karibu na mji, aliwaendea watoto wa shule akawaomba wamwoneshe herufi. Baadaye akampata mwanamke mmoja wa Kiyahudi mwenye duka, akamfunza kusoma, naye akamlipa kwa kuku. Kuku wenyewe walikuwa wa kuiba. Sisemi kwamba wizi ulikuwa halali. Nasema tu kwamba wako waliofunguliwa milango ya shule bila ya malipo wakatoroka, na yuko aliyeiba kuku apate kujua alifu. Watu wake walipomkamata na vitabu, walimpiga na vitabu wakaviharibu.

Hapo nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu. Bibi alihitimu msahafu akiwa msichana mdogo, na Yasini alikuwa akiisoma kwa sauti ambayo jirani walinyamaza kuisikiliza. Lakini kuandika hakujua; hata jina lake hakuweza kulitia katika karatasi. Nilipomuuliza sababu, alicheka akaniambia kwamba wasichana wa wakati wao walifunzwa kusoma tu. Kuandika walikatazwa, kwa kuchelea wasije wakawaandikia wavulana barua. Na ilhali aya za mwanzo kabisa kuteremshiwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, zataja kusoma na zataja kalamu mahali pamoja! Sisi wenyewe ndio tuliovitenganisha, tukawapa wanawake nusu. Basi tusiwacheke Waroma.

Alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi, Papusza aliozwa kwa Dionizy Wajs, mpiga kinubi aliyemzidi umri sana. Ndoa haikuwa ya furaha kubwa, na mtoto wa kuzaa hawakujaaliwa; walimlea mtoto yatima waliyemchukua wakati wa vita. Huzuni hiyo Papusza aliigeuza nyimbo. Alizitunga kwa lugha yake, juu ya msitu, mto, njaa na njia.

MSITU WA DAMU

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili. Wajerumani wa Hitler waliwakusudia Waroma kama walivyowakusudia Mayahudi, yaani kuwafuta. Waroma waliouawa kote Ulaya wakadiriwa kuwa kati ya 200,000 na 500,000. Usiku wa tarehe 2 Agosti, 1944, katika kambi ya Auschwitz-Birkenau, Waroma waliosalia katika sehemu yao ya kambi, kwa maelfu, waliuawa kwa sumu ya hewa, wengi wao wakiwa wanawake, watoto na wazee.

Jamaa za Papusza walijificha katika misitu ya Volhynia, jimbo ambalo leo limo ndani ya Ukraine. Waliishi mashimoni, katika baridi inayokata vidole, bila ya chakula, na muziki wao ukanyamaza. Katika utenzi wake mrefu kupita yote, Papusza alisimulia waliyopata kwa Wajerumani huko Volhynia mwaka 1943 na 1944, na akauita kwa jina la machozi ya damu. Humo hakuwalilia watu wake peke yao. Yumo pia msichana wa Kiyahudi akitetemeka kwa baridi na hofu. Mimi nasema kwamba mtu anayewindwa, na bado akapata nafasi moyoni ya kumwonea huruma mwindwa mwenzake, huyo ni mshairi hata kama hajui kuandika jina lake.

MGENI MSAFARANI

Mnamo mwaka 1949 msafara ulipata mgeni. Jina lake lilikuwa Jerzy Ficowski, kijana Mpoland aliyezaliwa mwaka 1924, naye pia mshairi. Alikuwa amepigana katika maasi ya Warsaw ya mwaka 1944, na serikali ya Kikomunisti iliyokuja baada ya vita ikawa inawafuata watu wa aina yake. Akawakimbilia Waroma, nao wakamficha. Akala chumvi yao, akalala penye moto wao, akajifunza lugha yao. Na katika kukaa huko akazisikia nyimbo za Papusza.

Hapo ndipo filamu inapokuwa nzuri zaidi. Ficowski hakuja kwa ubaya. Alipozisikia nyimbo zile moyo wake ulishtuka, maana mshairi humjua mshairi. Alimhimiza mama yule aziandike, naye akaziandika kwa herufi zake za kujifunza njiani, akampelekea kwa barua. Ficowski akazifasiri kwa Kipoland na akamwonesha mshairi mkubwa wa nchi hiyo wakati ule, Julian Tuwim. Mwaka 1950 baadhi yake zikachapishwa katika jarida liitwalo Problemy. Kwa mara ya kwanza Wapoland wakasikia kwamba wale wanaowafukuza milangoni mwao wana mshairi.

Mambo yangalikomea hapo, leo pengine tungelikuwa twazungumzia harusi na si matanga. Lakini serikali ya Poland wakati huo ilikuwa imeamua kwamba Waroma waache kutembea. Mwaka 1952 ilipitishwa amri ya kuwatuliza mahali pamoja na kuwatia katika kazi, na kuanzia mwaka 1964 polisi wakaanza kuizuia misafara kwa nguvu. Mashairi ya Papusza yalitoka katika wakati huo huo, na pamoja nayo maneno ya Ficowski ya kuunga mkono siasa ile ya kuwatuliza. Kisha mwaka 1953 Ficowski akatoa kitabu juu ya Waroma wa Poland. Ndani yake mlikuwa na historia yao, ada zao, sheria zao za usafi na najisi, na orodha ya maneno ya lugha yao na maana zake.

Papusza alipojua yanayokuja, alishikwa na hofu. Alimwomba Ficowski asichapishe. Alikwenda mpaka Warsaw kwenye chama cha waandishi kuomba msaada, na hakuna aliyemwelewa mama huyu analia nini. Kwani si ni heshima mtu kuchapishwa? Akarudi kwake akawasha moto, akayachoma mashairi yake na barua zake. Lakini yaliyokwisha kutoka yalikuwa yametoka.

Wazee wa Waroma walimhukumu kwamba ameuza siri za watu wake, wakamtenga. Akaugua akili, akakaa hospitalini miezi minane. Mwaka 1956 kikatoka kitabu cha nyimbo zake. Wakati huo mwenyewe alikuwa hana tena wa kumwimbia. Aliishi zaidi ya miaka 30 katika upweke, mingi yake katika mji wa Gorzów Wielkopolski. Alifariki katika mji wa Inowrocław mwaka 1987.

Filamu inayo tukio moja ambalo sitalisahau. Papusza aliyekwisha kuwa mtu mzima anatolewa gerezani, alikofungwa kwa wizi wa kuku, anapelekwa kwa gari mpaka ukumbi mkubwa wa muziki. Wakubwa wamevaa suti, waimbaji wamesimama safu kwa safu, na mashairi yake yanaimbwa kwa sauti za kupaa. Yeye amekaa kimya. Nchi nzima inayasikia maneno yake isipokuwa wale aliowatungia.

DAFTARI LINALOUA

Ni rahisi kwetu kuwalaani wale wazee na kusema kwamba walikuwa wajinga wasiopenda elimu. Mimi mwenyewe niliwalaani kwa muda wa nusu ya filamu. Kisha nikakumbuka habari moja, nikanyamaza.

Kabla ya vita alikuwako Ujerumani daktari aliyeitwa Robert Ritter, na msaidizi wake, mwanamke aitwaye Eva Justin. Kazi yao ilikuwa kuwachunguza Waroma. Bi Justin alijifunza lugha yao, akaingia kambini mwao, akawazoea nao wakamzoea. Walimtajia majina ya baba zao na babu zao, nani amemwoa nani, nani mtoto wa nani. Yote akayatia daftarini. Daftari hizo ndizo zilizotumiwa kuwatambua na kuwapeleka kwenye kambi za mauti. Kulikuwa na watoto wapatao 40 waliowekwa katika nyumba ya mayatima huko Mulfingen, ambao Bi Justin aliwatumia kwa kuandika tasnifu yake apate shahada. Tasnifu ilipokwisha, mwezi wa Mei 1944, watoto hao wakapelekwa Auschwitz. Waliorudi wakahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Sasa jiweke mahali pa mzee wa Kiroma mwaka 1953. Vita vimekwisha juzi tu. Jamaa zako wameuawa kwa sababu mtu aliyejua lugha yako aliandika. Leo anakuja mwengine, naye ajua lugha yako, naye ameandika, na serikali yenye polisi inasoma. Utasema hii ni fasihi?

Kwa hivyo hofu yao ilikuwa na msingi. Kosa lao lilikuwa mahali pengine. Mwenye kitabu alikuwa Warsaw, mtu wa mjini, asiyefikiwa na hukumu yao. Mwenye amri ya kuzuia misafara alikuwa serikalini, asiyefikiwa na hukumu ya mtu yeyote. Aliyefikiwa alikuwa mwanamke mmoja aliyetunga nyimbo za msitu na mto, na ambaye hakuandika orodha ya maneno wala hakupitisha sheria. Wakamshika yeye kwa sababu ndiye aliyeshikika. Je, msomaji, hilo nalo ni geni kwetu? Mara ngapi katika mitaa yetu kosa limefanywa na wanaume watatu, na aliyefungiwa ndani akawa msichana mmoja?

NAMI NINA LANGU

Singeliandika haya lau nisingekuwa na langu la kukiri.

Katika miaka ya tisini, nilipokuwa kijana katika kazi hii ya uandishi wa habari, nilimzoea mama mmoja mzee hapa mjini kwetu. Hakuwa wa damu yangu, lakini nilimwita bibi na aliniita mwanangu. Alikuwa mjuzi wa nyimbo za vugo, zile ambazo akina mama huziimba harusini wakigonga pembe. Alizijua zile za hadharani, na alizijua pia za ndani, za usiku ambao bibi harusi anatiwa singo na mwanamume hafiki karibu na mlango. Nilikwenda kwake jioni nyingi. Nilikunywa kahawa yake, nikala mahamri yake, nikaandika. Alinisomea za hadharani, kisha siku moja, kwa mapenzi tu, akanisomea mbili tatu za ndani. Zilikuwa tamu, zenye mafumbo ya kina ambayo sijapata kuyaona katika diwani yoyote. Nikaona ni dhuluma zipotee.

Nikazichapisha katika gazeti, na jina lake nikalitaja kwa heshima. Nilijiona nimemjengea mnara.

Baada ya mwezi nikasikia kwamba amepitwa na harusi mbili ambazo yeye ndiye angeliongoza vugo. Wenzake walimwambia kwamba amewavua nguo mbele ya wanaume. Nilikwenda kumwomba radhi, nikiwa na maneno mengi niliyoyapanga juu ya kuhifadhi utamaduni. Aliniacha niyamalize. Kisha akasema, "Mwanangu, mie nalikupa weye. Sikukupa ukawape walimwengu." Hakunigombeza zaidi ya hayo. Kahawa alinitilia kama kawaida yake. Lakini tangu siku ile hakunisomea tena hata beti moja, na mengi aliyokuwa nayo alikwenda nayo kaburini.

Basi nilipomwona Ficowski katika filamu akifungua daftari lake, mimi sikumwona Mpoland. Nilijiona mimi.

HUKUMU YANGU

Wako watakaosema: bila ya Ficowski hakuna Papusza. Nakubali. Ushairi wake ungalikufa msituni. Na sisi watu wa Mvita tunajua thamani ya anayeandika. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji, malenga wetu aliyefariki karibu na mwaka 1840, yalikuwa yakielea vinywani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua alipoyakusanya, akayaeleza na kumpa mmishonari W. E. Taylor. Diwani yenyewe ilipigwa chapa na William Hichens mwaka 1940 huko Johannesburg, miaka 100 baadaye. Kama mwalimu yule angalikaa kimya, leo tungelikuwa na vipande tu. Kwa hivyo sisemi kwamba watu wasiandike. Mwenye kusema hivyo arudi akatazame moto alioukoka Papusza.

Lakini kati ya Muyaka na Papusza kuna tofauti ambayo ndiyo kiini cha maneno yangu. Muyaka alitunga ili asikike. Mashairi yake yalikuwa ya baraza na ya ushindani. Aliyapeleka mwenyewe kwa watu. Na alipoandikwa, alikuwa amekwisha kufa, hakuna wa kumhukumu. Papusza alikuwa hai, yu kati ya watu wake, na alipewa mkononi mwa mtu mmoja kitu ambacho hakikuwa chake peke yake. Mashairi yalikuwa yake. Hilo hana wa kumnyang'anya. Lakini ada na maneno ya siri yalikuwa ya watu wote. Ficowski alivichukua vyote viwili, akavitoa katika majira ambapo serikali ilikuwa ikitafuta kamba ya kuwafungia. Na mwenye nyimbo alipomjia akilia kwamba asichapishe, yeye alichapisha.

Hapo ndipo ninapomtia hatiani, na mimi mwenyewe pamoja naye. Tumefunzwa chuoni, tungali watoto wa mikeka, kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe, na kwamba kuihini amana ni miongoni mwa alama za unafiki. Tumefunzwa pia kwamba yanayosemwa barazani ni amana ya baraza. Hakuna mahali tulipoambiwa kwamba amana ikiwa nzuri sana basi ruhusa kuitoa. Mapenzi ya sanaa si fatwa.

Nanyi vijana mnaonisoma, msidhani haya ni ya Wapoland na wazee wenye madaftari. Leo kila mtu ana daftari mfukoni, tena lenye macho na masikio. Katika harusi zetu imebidi mabibi waweke mtu mlangoni wa kukusanya simu, na bado zinapenya. Mtoto wa watu aliyecheza mbele ya mama zake na shangazi zake, amevua buibui kwa kuwa yuko kwao, kesho yake anajiona anatazamwa na wanaume asiowajua mpaka Dubai. Aliyetuma hakukusudia ubaya, "alipendezwa" tu. Na kelele ikizuka, nani hulaumiwa? Si aliyetuma. Ni yule msichana, kwa nini alicheza.

Ndiyo maana nawaambia itazameni filamu hii, mkiipata. Ina kasoro zake. Inaruka miaka kama panzi, mara mbele mara nyuma, na anayesinzia kidogo atapotea. Tena kwa filamu inayomhusu mshairi, mashairi yenyewe tunayasikia kidogo kuliko tulivyotamani. Lakini Jowita Budnik, aliyeigiza Papusza, alijifunza Kiromani kwa ajili ya kazi hii, na uso wake peke yake wasema mengi. Na filamu haimhukumu mtu. Inakuachia wewe mwenyewe ukae na uzito huo.

Mimi nimekaa nao, na nimelitoa lile daftari langu la miaka ya tisini kutoka sandukuni. Mna beti kumi na moja za yule mama ambazo sikuzichapisha. Binti yake yu hai, anakaa mitaa miwili kutoka kwangu. Ijumaa baada ya sala, inshallah, nitampelekea. Akiniambia zichapishwe, zitachapishwa. Akiniambia zirudi ndani, zitarudi ndani, na nyinyi wasomaji wangu mtaniwia radhi kwa kuzikosa.